Mguu wa ngazi kwanza: jinsi ya kuchagua, kusimamisha na kupanda ngazi ya kubeba

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, niko Dar, kazi zangu nyingi ni waya za ndani, taa za dari, feni, na saivi sola juu ya bati, kwa hiyo ngazi naipanda karibu kila siku ya Mungu. Naongelea hapa ngazi ya kubeba, ile unayoichukua begani unaiegemeza au unaikunjua, sio ngazi ya zege ya kupandia ghorofani. Na nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanadhani ngazi ni kitu ambacho hakihitaji kufundishwa, unaegemeza unapanda basi.

Dogo mmoja niliyekuwa namfundisha kazi alianguka mbele ya macho yangu, nyumba ilikuwa kwenye finishing, sisi tunafunga taa za nje ya baraza. Ngazi haikuvunjika. Haikuwa hata ndefu, alikuwa amesimama kidato cha saba cha ngazi. Mguu wa ngazi ulikaa juu ya tailizi zilizotoka kupigwa deki muda si mrefu, raba ya mguu mmoja ilishaliwa imebaki aluminiamu tupu, na akapanda vizuri kabisa vidato vyote vile bila ngazi hata kutikisika, alipofika juu kunyoosha mkono ndo ikateleza kwa nyuma kama imevutwa na mtu. Alitua kwa visigino. Kimoja kilivunjika na alikaa miezi bila kufanya kazi, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale nakata waya. Raba ile niliiona asubuhi.

Sasa shika hili kabla ya mengine yote, manake ndo linalowaponza wengi: ngazi ya kuegemeza ikisimama vizuri wewe ukiwa chini haimaanishi itasimama ukiwa juu. Ukiwa kidato cha kwanza uzito wako unashuka chini moja kwa moja kwenye miguu ya ngazi. Kadiri unavyopanda ndivyo ngazi inavyouegemea ukuta kwa nguvu zaidi, ukuta nao unairudisha, na kitu pekee kinachoizuia isirudi nyuma ni zile raba mbili pale chini zilivyong'ang'ania sakafu. Kwa hiyo yule anayerukaruka kwenye kidato cha kwanza alafu anasema "iko fresh" hajapima kitu.

Hatua ya 1: jiulize kama kazi ni ya ngazi

Ngazi ni ya kazi fupi na nyepesi. Kubadilisha taa, kufunga dishi, kukagua gata, kupanda kuingia juu ya paa. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inashauri ngazi itumike kwa kazi isiyozidi kama dakika 30 sehemu moja, na mzigo unaoshika mkononi usizidi kilo 10 hivi, na mimi naona ni kipimo kizuri hata kwetu. Kama unapiga rangi ukuta mzima wa ghorofa au unapiga lipu, hiyo ni kazi ya jukwaa, funga mirunda na mbao au kodi skafoldi, usimame na miguu miwili ikiwa imetulia na ndoo iko pembeni yako.

Na kama huna ngazi, subiri ukaazime. Ndoo ya rangi iliyogeuzwa, stuli juu ya meza, pipa, hivi vyote nimeviona kwenye nyumba za watu wenye uwezo kabisa wa kununua ngazi, na sakafu ya tailizi inapokea kichwa vilevile hata ukianguka kutoka futi nne.

Hatua ya 2: chagua aina inayoendana na kazi

Ngazi ya kuegemeza iliyonyooka, kipande kimoja, ndo ya kwanza na ndo rahisi. Haina bawaba, haina loki, haina cha kuharibika sana zaidi ya miguu na vidato. Ubaya wake ni kuisafirisha, na urefu wake ni huohuo siku zote.

Ngazi ya kuvuta ni vipande viwili au vitatu vinavyopita juu ya vingine, kuna kamba na kapi, na loki za kushika kidato. Hii ndo ya ghorofa moja na paa refu. Hapa angalia kitu kimoja, vipande vipishane vya kutosha, kwa ngazi ya kawaida isiyozidi mita 10 au 11 acha kama mita 1 ya kupishana, yaani karibu vidato vitatu. Nyingi zina kizuizi cha kiwandani kinachokataa usivute zaidi ya hapo, na kuna mafundi wanakitoa ili wapate futi mbili za ziada. Ukiazima ngazi ya mtu angalia kama hicho kizuizi bado kipo.

Ngazi ya kukunjua, ile inayosimama yenyewe kama herufi A, ndo ya ndani ya nyumba. Mmarekani John Balsley wa Dayton, Ohio, alipata hataza ya ngazi ya kukunja yenye bawaba mwaka 1862, na umbo lenyewe halijabadilika sana mpaka leo. Uzuri wake haihitaji ukuta, unaiweka katikati ya chumba chini ya feni. Ila lazima ifunguke mpaka mwisho na zile mikono za katikati zinyooke zijifunge. Usiikunje ukaiegemeza ukutani kama ngazi iliyonyooka, miguu yake imekatwa kwa pembe ya kusimama wazi, ukiiegemeza inagusa chini kwa ncha tu. Na usisimame kwenye kibao cha juu kabisa wala kidato kinachofuata chini yake, kile kibao cha juu ni cha kuwekea bisibisi na tepu.

Zipo zile za kujikunja kwenye bawaba nyingi, moja unaifanya A, au iliyonyooka, au jukwaa dogo. Mimi ninayo na naipenda kwa sababu inaingia nyuma ya bajaji, lakini kila bawaba ni loki, na kila loki lazima uisikie imelia na uione imeingia kabla hujaweka mguu. Zile za kuvuta kama antena ya redio nazo ni hivyohivyo, kila kidato kina loki yake, na huku kwetu mchanga ndo adui yake, ukiingia kwenye mabomba loki inaacha kushika vizuri bila wewe kujua. Ukiifunga weka vidole pembeni, inashuka ghafla inabana.

Alafu kuna ngazi ya mbao ya kujitengenezea saiti, hiyo nitairudia chini.

Tukija kwenye malighafi, kama unagusa umeme au unapita karibu na umeme nunua ya faiba. Ni nzito na bei yake iko juu, najua. Aluminiamu ni nyepesi, haishiki kutu, ndo maana kila mtu anayo, lakini inapitisha umeme vizuri kuliko chuma. Mbao kavu haipitishi sana, ila mbao iliyolowa mvua ya masika usiihesabu kabisa. Hata faiba yenyewe iwe safi na kavu, na ukiona nyuzi zake zimeanza kujitokeza kama manyoya basi maji yanaingia, haikulindi tena.

Uzito je? Soma stika. Ngazi zenye alama ya EN 131 ya Ulaya zinabeba kilo 150. Za Kimarekani zina madaraja, aina ya III ni kilo 90 tu, aina ya II kama 102, aina ya I 113, IA 136, na IAA 170. Sasa piga hesabu, fundi wa kilo 75, mkanda wa vifaa na drili kilo 10, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa ni kama kilo 27 au zaidi. Umeshafika 112. Kwenye ngazi ya daraja la chini umepita kabla hata hujaanza kazi. Na kama stika imebanduka hujui inabeba nini, chukulia ni ndogo.

Kama unajenga ya mbao

Hizi ngazi za mirunda na mbao mbili kwa mbili zipo kila saiti na hazitaondoka kesho, kwa hiyo bora zitengenezwe vizuri. Kosa kubwa ni kupigilia kidato juu ya nguzo kwa misumari miwili alafu ukategemea msumari kubeba mtu. Msumari unachoka, unapata kutu, mbao inapasuka palepale ulipopigilia, na siku moja kidato kinazunguka mguuni kwako.

Fanya hivi. Chagua nguzo mbili zilizonyooka zisizo na fundo kubwa, zitandaze chini sambamba, acha kama sentimita 40 kati yake. Pima vidato kila sentimita 30, na iwe 30 kweli mpaka juu, manake mguu unakariri, ukikuta kimoja kimekaa 38 unapapasa hewani wakati wa kushuka. Kila sehemu ya kidato kata mfereji mdogo kwenye nguzo, sentimita moja tu inatosha, kidato kitumbukie humo ili uzito ukae kwenye mbao na msumari ubaki kazi ya kushikilia tu. Kama hutaki kukata nguzo, pigilia kipande cha mbao kati ya kidato na kidato upande wa juu wa nguzo, kile cha chini kinabeba cha juu, matokeo ni yaleyale. Malizia kwa kuzungushia waya wa kufungia nondo kila kona.

Na tafadhali usiipake rangi. Rangi inaficha ufa. Paka mafuta au vanishi isiyo na rangi ili kila mtu anayeipanda aone mbao ikoje.

Kule bonde la Eyasi Wahadzabe wakitaka asali ya juu ya mbuyu wanapigilia vigingi vya mti kwenye shina, kimoja baada ya kingine, wanapanda navyo. Kidato kinachobeba ni kile kilichoingia ndani ya mti, hiyo akili ni ya siku nyingi sana.

Hatua ya 3: ikague, dakika mbili

Anza chini. Raba za miguu zipo zote? Zimeliwa? Zina mafuta au matope? Hii ndo ya kwanza kwangu siku zote sasa. Raba ni kitu cha bei ndogo, unabadilisha, na kama huipati ya saizi yako usiitumie ngazi hiyo kwenye tailizi.

Kisha panda na macho. Nguzo zimepinda, zimebonyea? Aluminiamu iliyobonyea usiinyooshe kwa nyundo, ikishakunjwa imeshapoteza nguvu pale. Vidato shika kimoja kimoja uzungushe, kikizunguka ribiti zimelegea. Kwa A angalia bawaba na mikono, kwa ya kuvuta angalia kamba haijachanika na loki zinarudi zenyewe. Mbao, angalia ufa, mchwa, misumari iliyochomoza. Ya chuma ya kuchomelea angalia ile sehemu ya kuchomelea kama ina ufa mwembamba wa kutu, mara nyingi ndo panapoanzia.

Ikikataa iandike "MBOVU" kwa maka au ikate kabisa. Ukiiacha nyuma ya nyumba mtu mwingine ataiokota.

Hatua ya 4: kuibeba, angalia juu kabla ya chini

Beba imelala, ncha ya mbele juu kidogo, na kabla hujaisimamisha inua macho. Waya wa kutoka nguzo ya TANESCO kuja ukutani kwako ni volti 230, na ganda lake limepigwa jua miaka mingi, usiliamini. Zile nyaya tupu zinazopita barabarani juu ya nguzo zinaweza kuwa za volti 11,000 au 33,000, hizo hata kugusa sio lazima, ukisogea karibu sana umeme unaruka. Kaa mbali walau mita 3 kila upande, na hesabu urefu wa ngazi ikianguka, sio ikiwa imesimama tu. Kama kazi iko karibu zaidi ya hapo waite TANESCO wakate, hakuna mteja wa maana atakayekulaumu.

Hatua ya 5: isimamishe

Hapa ndo pa kutulia. Kanuni ni 4 kwa 1. Ngazi ikigusa ukuta mita 4 juu, mguu ukae mita 1 kutoka ukutani. Ikigusa futi 12, mguu futi 3. Inatoa pembe ya kama digrii 75. Ukiivuta mguu nje zaidi inateleza na inapinda katikati, ukiusogeza karibu zaidi unajivuta nayo kinyumenyume.

Huna tepu? Simama, ncha za vidole vya miguu ziguse miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele sawa na mabega. Viganja vikigusa kidato bila kuinama wala kujikunja, pembe iko sawa. Ninafanya hivi kila mara, inachukua sekunde tano.

Ardhi yenyewe sasa. Kwenye mchanga wetu huu wa Dar mguu mmoja unazama taratibu huku uko juu, unashangaa tu ukuta unahama. Weka ubao mpana chini, na nyuma ya miguu pigilia kipande cha mbao kwenye huo ubao kiwe kizuizi. Pakiwa na mteremko, chimba upande ulioinuka mpaka miguu iwe sawa, usijazie tofali upande ulioshuka. Tofali linapinduka. Kwenye tailizi, kausha kwanza kwa tambara, kisha tandika zulia la mpira lenye kushika, sio kadibodi wala gunia, hivyo vinateleza navyo. Au mguu wa ngazi ugote kwenye kitu kisichohama, ukuta wa pili wa korido kwa mfano, au ufunge kamba kutoka kidato cha chini mpaka kwenye nguzo au dirisha la chuma upande wa ukuta unaouegemea. Mlango ulio karibu ufungwe kwa ufunguo au asimame mtu.

Msaidizi akiwepo asimame akiiangalia ngazi, mguu mmoja kwenye kidato cha chini, mikono yote miwili kwenye nguzo. Anaongeza uzito pale kwenye raba panapohitajika. Msaidizi anayeshika kwa mkono mmoja huku anachati hasaidii kitu, mwambie tu kwa upole, "kaka, shika yote miwili nikimaliza tutaongea."

Hatua ya 6: funga juu

Ngazi ya kwenda kwenye paa izidi ukingo kwa karibu mita 1, ili ukifika uwe na cha kushika wakati unavuka kwenda kwenye bati. Usiiegemeze kwenye gata la plastiki, halibebi. Iegemee ukuta au faisha bodi, yaani ule ubao wa ukingo wa paa, na weka kipande cha tairi la zamani kati ya nguzo ya ngazi na ukingo wa bati manake bati linakata kamba na ngazi inateleza kando juu yake. Panda mara ya kwanza ukiwa mikono mitupu, msaidizi akiwa ameshika chini, funga nguzo zote mbili kwenye kenchi kwa kamba nzuri, zungusha mara mbili kaza. Funga nguzo, sio kidato. Baada ya hapo ndo kazi inaanza.

Hatua ya 7: kupanda na kufanya kazi

Uso kwenye ngazi, kupanda na kushuka. Sehemu tatu za mwili ziguse muda wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Hiyo maana yake huwezi kupanda umeshika drili, kwa hiyo vaa mkanda, au panda na kamba alafu vuta mfuko. Sola paneli ya wati 450 ina kilo 20 na kitu na upepo wa bahari unaishika kama tanga, nimeona watu wanapanda nayo kichwani, hapana, inavutwa kwa kamba na watu wawili juu au haiendi siku hiyo.

Kitovu chako kibaki kati ya nguzo mbili. Ukiona kinatoka nje, shuka, hamisha ngazi, panda tena. Najua inachosha, ni dakika moja. Dogo alikuwa ananyoosha mkono kufikia skrubu moja ya mwisho.

Kwenye ngazi ya kuegemeza usipite kidato cha nne kutoka juu, vitatu vya mwisho ni vya kushika. Kwenye A, igeukie kazi, yaani vidato vielekee ukuta unaoutoboa. Ukikaa kwa ubavu ukasukuma drili kwenye zege, ukuta unakusukuma wewe, na A ni nyembamba upande huo, inalala. Mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Viatu vyenye soli kavu, sio ndala. Mvua au upepo ukianza, shuka.

Kama wewe ndo umeajiri vijana, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakubebesha wewe jukumu la kuwapa vifaa salama, kwa hiyo raba za ngazi nunua wewe, usimkate kijana kwenye malipo yake.

Hatua ya 8: ukimaliza

Shuka mpaka chini kabisa, kidato cha mwisho kikanyage, wengi wanadhani wamefika wanaruka. Futa matope kwenye raba na vidato. Itundike imelala, kwenye ndoano mbili au tatu ukutani chini ya kivuli, ili nguzo zisipinde na jua lisile faiba wala raba, ya mbao isiguse ardhi kwa ajili ya mchwa. Na ipige mnyororo, ngazi iliyoachwa nje ya nyumba usiku inampandisha mwizi mpaka dirisha la juu.